Jimbi mkubwa, mayai matupu

Ninatotolesha mayai ya watu hapa Chake Chake, Pemba. Mashine yenyewe si kubwa, imekaa chumba cha uani, na wateja wangu wanatoka pande zote za kisiwa: Wawi, Ole, Vitongoji, Kengeja, hata Konde, mtu anashuka daladala na trei zake amezifunga kwa kanga. Kazi hii inakuonyesha jambo ambalo mwenye banda moja hawezi kuliona upesi. Joto ni moja, siku ni zile zile 21, mayai yanageuzwa pamoja, lakini trei ya huyu inaanguliwa karibu yote na ya jirani yake nusu inabaki. Kama mashine ni hiyo hiyo, basi tofauti iliingia mlangoni pamoja na mayai.

Mwenye mayai hakubali maneno hayo kirahisi. Mashine ndiyo inayolaumiwa kwanza. "Fundi, mayai yangu umeyapika." Kwa hivyo siku ya saba nawaita wenyewe tumulike pamoja. Tunafunga dirisha, taa inawekwa chini ya yai. Lenye uhai linaonyesha mishipa myekundu iliyotawanyika kutoka kwenye doa jeusi. Lililokufa mapema lina duara la damu. Na kuna yale yanayong'aa tu, hayana mshipa wala doa. Hayo nyumbani kwangu tunayaita matupu. Mtu akibisha, namwambia aniletee mayai mabichi mawili matatu tuyapasue kwenye sahani, maana juu ya kiini kuna kidoa cheupe na hicho hakisemi uongo. Yai lililopata jimbi, yaani jogoo, kidoa chake ni kipana na kina duara mfano wa pete. Ambalo halikupata, kidoa ni kidogo, kimekolea, na kingo zake hazikukaa sawa.

Wanaoshangaa zaidi ni wenye majimbi makubwa. Mzee mmoja wa Vitongoji ana jimbi mwenye damu ya kuchi, shingo ndefu, kifua kipana, wapita njia wanasimama kumtazama. Mayai ya banda lake yalikuwa matupu kupita kiasi. "Mwanangu, huyu akiwika hadi ng'ambo ya bonde wanamsikia," aliniambia, kana kwamba mimi nilikuwa nimemtukana jimbi. Nikamuuliza: ulimuona akipanda? Akasema anapanda kila siku. Basi tukakaa barazani kwake jioni, wakati ambao kuku hupandana sana, tukamtazama. Kweli alipanda. Lakini alikuwa akiteleza, uzito unamshinda, koo, yaani kuku jike, analia na kukimbia, na ule mguso wa mwisho wa nyuma kwa nyuma haupatikani. Jimbi hana uume wa kuingiza. Matundu mawili yasipokutana vizuri, manii yanaishia kwenye manyoya. Chini ya unyayo alikuwa na kidonda kilichovimba. Jimbi mwenye maumivu ya mguu hawezi kuwa baba wa watoto wengi, awe mzuri wa sura namna gani.

Hayo niliyajua Bara, nilipofanya kazi kwenye shamba la kuku wazazi, yaani baba na mama wa hawa kuku wa nyama ambao vifaranga wao wa siku moja wanaletwa huku kwa meli. Mtu aliyefuga kuku wa nyama anajua kuwa chakula hakiondoki mbele yao. Nilipoingia kwenye banda la wazazi nilikuta kinyume chake. Wanapimiwa kwa gramu. Chakula kinamwagwa asubuhi, wanakirukia, kwa muda mfupi vyombo ni vitupu, na wanabaki hivyo hadi kesho. Wakati wa ukuaji kuna mashamba yanayowalisha siku moja na kuwafungisha siku ya pili. Kila wiki wanapimwa uzito, na aliyezidi anatengwa. Mwanzoni niliona ni ubakhili wa mwenye shamba. Siyo.

Koo wa ukoo huo akila ashibe, mwili unakwenda mbio na kizazi kinavurugika. Kwa kawaida kuku anaivisha kiini kimoja kwa siku, vingine vinasubiri zamu kwa ukubwa wao, na yai zima linahitaji siku moja na saa kidogo hadi kutoka. Huyu aliyeshiba anaivisha viini viwili vitatu kwa pamoja. Hapo unapata mayai yenye viini viwili, mayai ya ngozi yasiyo na gamba, yai linalotagwa usiku kwenye vumbi. Vingine havipokelewi hata na mrija wa mayai, vinaangukia tumboni, vinaoza humo, na kuku anakufa ilhali kwa nje amenona. Hata akipimiwa chakula vizuri, koo wa kuku wa nyama anataga kama mayai 170 au 180 mpaka afike wiki ya 64. Kuku wa mayai anapita 300 kwa mwaka. Majimbi nao wana yao: baada ya wiki ya 45 hivi uwezo wao unaanza kushuka, na pale tulikuwa tunawatoa waliochoka na kuingiza vijana, jimbi mmoja kwa makoo kumi au karibu na hapo.

Kwa nini kuku wakawa hivyo? Jibu ni mizani. Chuo Kikuu cha Alberta huko Kanada waliweka ukoo wa kuku wa nyama wa mwaka 1957, wakaweka na wa 1978, kisha wakawafuga kwa chakula kile kile pamoja na ukoo wa 2005. Kwa siku 56 yule wa 1957 alifika gramu 905, wa 1978 gramu 1,808, na wa 2005 gramu 4,202. Chakula kimoja, banda moja. Tofauti yote iko kwenye damu, imejengwa na watu waliokuwa wakichagua baba na mama kizazi baada ya kizazi.

Uzito unachagulika kirahisi kwa sababu mbili. Unaonekana: unamweka pora, yaani jimbi kijana, kwenye mizani, umemaliza. Na unarithika: kwa makadirio ya kawaida ya wataalamu, asilimia 30 hadi 50 ya tofauti ya uzito kati ya kuku na kuku katika kundi moja inatokana na kile alichopewa na wazazi. Uzazi ni habari nyingine. Kwa mayai kushika mbegu na kuanguliwa, urithi mara nyingi haufikii hata asilimia 15. Iliyobaki ni joto, chakula, maradhi, uzee, na bahati. Idadi ya mayai iko katikati ya hayo. Tena jimbi hatagi, kwa hivyo ukitaka kujua damu yake ya kutaga inakubidi utazame dada zake, au usubiri mpaka binti zake waanze. Na juu ya hayo yote, uzito na uzazi vinavutana. Ukichagua wazito tupu, kizazi baada ya kizazi, unaondoa mayai bila kujua.

Makampuni makubwa yaliupita ugumu huo kwa kugawa koo mbili, namaanisha koo za damu, wingi wa ukoo. Upande wa baba, asili yake zaidi ni kuku wa aina ya Cornish, wanachagua nyama, kifua na mwendo wa kukua. Upande wa mama, asili yake Plymouth Rock mweupe, wanachagua mayai na kuanguliwa, bila kuacha uzito uanguke. Kisha wanachanganya. Kifaranga wa Cobb au Ross unayemnunua amekusanya koo nne, mbili za babu na bibi wa huku na mbili za kule. Wafaransa waliongeza ujanja mwingine ambao mimi naupenda sana: koo mfupi. Kuna jeni ya ufupi iliyo kwenye kromosomu ya jinsia. Mama mwenye jeni hiyo anakuwa mdogo, anakula kidogo, na kizazi chake hakivurugiki ovyo. Akipandwa na jimbi wa kawaida, watoto wanakua karibu sawa na wengine, kwa sababu kwa kuku binti anaichukua kromosomu hiyo kwa baba peke yake, na mtoto wa kiume akiichukua kwa wote wawili, ya baba inaifunika ya mama.

Nimeeleza marefu haya kwa sababu kila baada ya Ramadhani na Idd huniletea mayai mtu ambaye alibakisha kuku wa nyama. Hakuwauza wote, matembe, yaani majike vijana, wanane kumi wakabaki, akawaona wamenona, akasema kwa nini ninunue vifaranga kila mara na mimi ninao wazazi? Mama mmoja wa Wawi alifanya hivyo na akawatunza kweli, chakula hakikosekani. Trei yake ilikuwa na mayai ya kila umbo. Niliyatenga makubwa ya viini viwili, hayo hayafai kabisa mashineni, na yenye gamba laini, na yaliyobaki yakatoa vifaranga wachache. Hao wachache nao wakakua mmoja huyu mmoja yule: mmoja mzito, mwenzake mwembamba, wa tatu miguu imepinda. Ndivyo inavyokuwa ukizalisha kutoka kwa mchanganyiko wa koo nne. Zile koo zinaachana tena na kila mtoto anachukua fungu lake. Nilimwambia hao matembe awachinje, mchuzi wake ni mzuri. Vifaranga wa nyama anunue, au afuge kuku wa aina nyingine.

Aina nyingine ndiyo mazungumzo yangu na shangazi yangu, aliyeko shamba upande wa Ole. Yeye ana kundi la mchanganyiko: damu ya kuchi, vishingo wasio na manyoya shingoni, na machotara waliozaa na Sasso, aina ya kuku wa kisasa. Wanauzwa kwa nyama kwenye harusi, maulidi na Idd, lakini wanataga na kulalia wenyewe. Koo wa kienyeji anatoa mayai kama 40 hadi 60 kwa mwaka, na shangazi alitaka zaidi bila kupoteza ule ukubwa unaomletea bei.

Wazee wetu wana neno: kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, na akiangua mwewe anachukua. Watu wanalisema kwa kujionea huruma. Mimi nikilisikia nahesabu. Kutaga ni sifa moja, kuangua nyingine, kulea ya tatu, kila moja na sababu yake, na mwewe si suala la damu hata kidogo. Mtu akija kwangu analia kuku wake "hawazai", namuuliza neno lake linakatika wapi.

Kwa shangazi lilikatika kwanza kwenye kabati la vyombo. Mayai yalikuwa yanakusanywa na kuwekwa humo mpaka trei ijae, pengine siku kumi na zaidi. Yai la mbegu linatakiwa likae kwenye nyuzijoto 15 hadi 18. Likipita 20 hivi, kijusi kinaanza kukua polepole, na kukua huko kwa kusitasita kunakiua. Chumba cha bati hapa kwetu mchana kinafika nyuzi 30. Mayai yake mengi niliyokuwa nayaona na duara la damu yalikuwa yameshakufa kabla hayajapanda daladala. Sasa anayaweka ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye unyevu, chini ya mwembe, na hayapiti siku nne. Duara za damu zikapungua sana, na hatukuwa tumechagua kuku hata mmoja. Ninalisisitiza hili kwa sababu kuna watu wanakimbilia kutafuta mbegu mpya kutoka Bara wakati tatizo liko kabatini. Sifa inayorithika kidogo ina maana kubwa moja: nyumba ya kuku ndiyo ya kutazamwa kwanza.

Halafu tukaja kwenye damu. Nilimuuliza shangazi, anayeuzwa Idd ni yupi? Akajibu bila kufikiri: aliyenona, tembe mzuri, ndiye mwenye bei. Na wanaobaki? "Hao wengine." Maana yake kila mwaka kundi lilizaliwa na wale ambao mnunuzi aliwakataa. Jimbi peke yake ndiye aliyechaguliwa, na alichaguliwa kwa ukubwa. Tukakubaliana kwamba matembe wa mbegu watengwe kabla mnunuzi hajaingia uani, na asionyeshwe kabisa, maana shangazi akishaona noti msimamo wake unalegea.

Seremala wa jirani alitutengenezea viota vyenye kilango kinachojifunga kuku akiingia. Mtoto wa shangazi, anayesoma skuli ya hapo kijijini, anawatoa, anasoma rangi ya pete mguuni, anaandika kwenye yai kwa penseli na kwenye buku. Kazi inachosha na siku nyingine haifanyiki; buku lina mapengo. Hata hivyo lilisema. Koo mkubwa kuliko wote, ambaye shangazi alikuwa akimwita bibi harusi, alikuwa akitaga kidogo, kisha analala juu ya kiota wiki na wiki. Aliyekuwa akitaga bila kuchoka ni kishingo mmoja asiye na umbo, ambaye mara mbili tatu alinusurika kisu. Dada zake nao walikuwa wazuri, na hilo ndilo lililonipa imani, kwa sababu kuku mmoja anaweza kuwa na bahati, dada wanne wakifanana ni ukoo.

Uzito tuliufanya kizingiti. Katika wiki ya 12 wote wanapimwa, na asiyefika anakwenda kwenye kitoweo. Waliofika hawashindanishwi tena kwa uzito, hata kama mmoja amezidi sana. Kuanzia hapo linasomwa buku. Mapora vilevile: anabaki yule ambaye mama na shangazi zake wanataga na mayai yao yanaanguliwa, mradi miguu yake iko sawa na haogopi makoo. Majirani walimcheka shangazi kwa kuchinja jimbi la kupendeza na kubakisha la kawaida. Si kwamba banda limegeuka. Mayai yameongezeka kidogo kila kizazi, uzito umebaki pale pale, na matupu yamekuwa machache, ingawa haya ya mwisho siwezi kuyatoa yote kwenye damu, maana na jimbi alibadilishwa.

Kubadilisha jimbi kwenyewe kuna adabu yake. Visiwani kwetu jimbi mmoja anakaa bandani mpaka anapanda binti zake na wajukuu, na uzazi ndiyo sifa ya kwanza kuanguka damu ikijirudia: mayai hayashiki, vijusi vinafia ndani, vifaranga dhaifu. Uzito unavumilia zaidi, kwa hivyo mfugaji haoni kitu. Kuleta damu ya mbali kunarudisha nguvu hiyo haraka kuliko kuchagua. Shangazi anabadilishana na ndugu zake wa Wete. Jimbi mgeni anafungwa peke yake wiki mbili tatu, awe ameshatiwa tone la chanjo ya kideri jichoni, ndipo aingie. Na vifaranga wake hawahesabiwi kuwa wake mara moja, kwa sababu koo anahifadhi manii ndani ya mwili wake na anaweza kutaga mayai yenye mbegu wiki mbili hadi tatu baada ya jimbi wa zamani kuondoka. Mwanamume mmoja wa Kengeja aliwahi kuja kumsifu jimbi mpya aliyemnunua ghali, kwa vifaranga waliokuwa wameanguliwa. Nikamuuliza ana siku ngapi bandani. Tano. Watoto wote wale walikuwa wa jimbi wa zamani, marehemu.

Jambo moja mimi na shangazi hatujakubaliana: kulalia. Anayesoma vitabu vya kuku atakuambia koo anayelalia hovyo aondolewe, kwa sababu akilala hatagi. Mimi kwa maslahi yangu ya mashine nakubali. Shangazi hataki. Anasema umeme ukikatika mashine yangu ni sanduku, na nusu ya wanawake wa kijiji chake wanaomba makoo wa kulalia kwake kwa sababu hawana nauli ya kuniletea mayai. Ana haki. Basi buku lina kurasa mbili sasa, za wanaotaga kwa mashine na za wanaolalia na kulea vizuri, na wa kurasa ya pili hawahukumiwi kwa idadi ya mayai. Nilisema kundi dogo hivyo haligawiki mara mbili, litachoka damu. Akanijibu kwamba ndiyo maana Wete iko.

Kwa wateja wangu nimeweka sharti moja tu. Yai liandikwe kwa penseli, si kalamu ya wino, alama ya koo aliyetaga na tarehe. Asiye na viota vya kujifunga aandike hata banda au jimbi. Nikimaliza kumulika, namrudishia karatasi: ya huyu matupu kiasi gani, yaliyokufa mapema, yaliyokufa ndani ya gamba, walioanguliwa. Asiyeandika nampokelea pia, bei ni ile ile, ila asije kuniambia nimempikia mayai. Mzee wa Vitongoji anaandika siku hizi, kwa hati nzuri sana ya chuoni. Jimbi lake hajalichinja. Amelijengea banda lake peke yake, na wapita njia bado wanasimama.